Kwa Kijana Aendaye Kusoma Ufini

Kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili nchini Ufini hudaiwa, mara mbili kwa mwaka, ada ndogo ya huduma ya afya ambayo hulipwa kwa Kela, yaani shirika la hifadhi ya jamii la nchi ile, kabla ya kwisha Septemba kwa muhula wa kwanza na kabla ya kwisha Januari kwa muhula wa pili. Wala si kiasi cha kumfilisi mtu, bali la kustaajabisha ni kuwa ankara yake haiji. Haiji kwa posta, haiji kwa simu, wala hapana karani atakayemwita mwanafunzi dirishani amwambie kuwa amesahau. Sheria imekwisha andikwa, tarehe zimekwisha tangazwa, na mwanafunzi amehesabiwa kuwa ni mtu mzima aliyekwisha soma. Muda ukipita kabla hajalipa, deni huongezewa faini, basi.

Nimetanguliza jambo hilo dogo kwa kuwa ndani yake mna tabia ya nchi nzima. Ufini ni nchi isiyoita. Haki zako zipo, na aghalabu ni nyingi kuliko ulizozoea. Wajibu wako upo, nao umepangwa kwa tarehe na saa. Lakini hapana mtu atakayekufuata kukukumbusha haki wala wajibu, si kwa kukudharau, bali kwa kuwa dasturi yao ni kumwachia kila mtu mambo yake mpaka mwenyewe aseme. Sisi tuliolelewa mahali ambapo mlango usipofunguliwa hata jua likapanda jirani huja kubisha hodi, huudhika kwanza, kisha huhuzunika, kisha, tukibahatika, hujifunza. Niliyoyaandika hapa nimeyaandika ili kijana msomaji ajifunze kabla ya kuhuzunika.

Natuanzie nyumbani, kabla ya safari. Elimu ya juu ya Ufini ina milango miwili, na wengi katika vijana wetu huomba mmoja bila kujua kuwa wa pili upo. Wa kwanza ni vyuo vikuu hasa, kama kile cha Helsinki, kilichoasisiwa mjini Turku mwaka 1640 na kuhamishwa baada ya mji huo kuteketea kwa moto mwaka 1827, au vile vya Aalto, Tampere, Oulu na Jyväskylä, ambavyo nguvu yake ni utafiti. Na wa pili ni vyuo vya sayansi tumizi, ambavyo wenyewe huviita ammattikorkeakoulu, vinavyofunza uuguzi, uhandisi, biashara, utalii na ufundi wa kompyuta, na ambavyo humtia mwanafunzi kazini kwa miezi kadhaa kabla hajahitimu. Shahada ya kwanza ya chuo kikuu huchukua miaka 3. Ya chuo cha sayansi tumizi huchukua miaka 3 na nusu au 4. Kijana atakaye kuja kuwa mtafiti asiende mlango wa pili kwa sababu tu umefunguka upesi. Na mwenye shahada moja mkononi, ambaye hajapata kufanya kazi, ajue kwamba uzamili wa vyuo vya sayansi tumizi humtaka mwombaji awe amekwisha fanya kazi miaka 2 katika fani yake, ilhali uzamili wa vyuo vikuu haumtaki hivyo. Masomo yafundishwayo kwa Kiingereza katika shahada ya kwanza ya vyuo vikuu ni machache. Katika uzamili ni mengi mno, na huko ndiko wageni wengi wanakopata nafasi.

Maombi ya masomo yafundishwayo kwa Kiingereza hupokelewa kwa pamoja mwezi wa Januari, katika tovuti ya serikali iitwayo Opintopolku, na dirisha lake halikai wazi zaidi ya majuma machache. Anayeanza kutafuta vyeti Januari amekwisha chelewa. Nakala za matokeo zilizothibitishwa, cheti cha mtihani wa Kiingereza, na hati ya kusafiria iliyo hai ni mambo ya Septemba na Oktoba. Tangu mwaka 2025 mwombaji atokaye nje ya Umoja wa Ulaya hulipa yuro 100 kwa maombi yenyewe, akubaliwe asikubaliwe, kwa hiyo si hekima kurusha maombi ovyo kama mtu arushaye nyavu gizani.

Juu ya ada, ipo habari ya zamani ambayo bado inatembea midomoni mwa watu, na wapo wanaoitembeza kwa makusudi, kwamba elimu ya Ufini ni bure. Ilikuwa kweli. Tangu mwaka 2017 vyuo vimewajibika kuwatoza wanafunzi watokao nje ya Ulaya wasomao shahada ya kwanza na uzamili kwa Kiingereza, na ada hiyo aghalabu huanzia yapata yuro 8,000 kwa mwaka, na katika fani nyingine hupita 15,000. Waliosalimika ni watu wa namna mbili: wasomao shahada ya uzamivu, ambao hawatozwi kitu wawe wametoka wapi, na wasomao kwa Kifini au Kiswidi, lugha mbili za taifa lile. Zaidi ya hao, rehema iliyobaki ni ufadhili wa vyuo, ambao huweza kusamehe nusu ya ada au ada yote, lakini huombwa pamoja na maombi ya nafasi na si baada yake. Na ajuaye kusoma masharti ataona kuwa ufadhili mwingi wa mwaka wa pili hutegemea masomo uliyoyamaliza mwaka wa kwanza, hata mwanafunzi mzembe hujikuta anadaiwa ada nzima katikati ya safari.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo penye msiba. Mwaka 2023 wazazi wa kaunti ya Uasin Gishu, nchini Kenya, waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizolipa katika mpango wa masomo ya Ufini na Kanada uliokuwa chini ya kaunti yao. Wengine walikuwa wameuza mashamba na ng'ombe, na watoto wao ama walikuwa bado wamekaa nyumbani, ama walikuwa wamekwisha fika Ufini wakatishiwa kuondolewa vyuoni kwa kuwa ada haikulipwa. Mambo hayo yalifika mahakamani, wala si kazi yangu kuyahukumu. Lililo kazi yangu ni kuwaambia wazazi kwamba mpango wowote unaomweka mtu wa kati baina ya mkoba wa mzazi na akaunti ya chuo, awe ni dalali mwenye ofisi ya vioo au mheshimiwa mwenye bendera juu ya meza, ni mpango wa kutiliwa shaka. Vyuo vya Ufini humwandikia mwanafunzi mwenyewe, kwa jina lake, barua ya kukubaliwa. Humpa mwenyewe maelekezo ya malipo. Na malipo hayo huweza kufanywa kutoka benki ya Mombasa, Arusha au Bujumbura bila ya mkono wa tatu. Ambaye hawezi kujaza maombi yake peke yake, naye ni mtu anayetaka shahada, na atafute kwanza mtu wa kumfunza kuyajaza, asitafute mtu wa kumjazia; maana huko aendako atajaza fomu kila juma.

Akisha kukubaliwa na kulipa, huja kibali cha ukaazi, kitolewacho na Idara ya Uhamiaji, maarufu kwa jina la Migri. Kibali cha mwanafunzi wa shahada, tangu sheria ya mwaka 2022, hutolewa kwa muda wote wa masomo badala ya mwaka mmoja mmoja, nayo ni nafuu kubwa. Lakini humtaka aonyeshe bima ya afya, na masurufu ya yuro 800 kwa kila mwezi, yaani 9,600 kwa mwaka wa kwanza, mbali na ada, katika akaunti iliyo kwa jina lake. Najua yanayotendeka. Mjomba huazima kwa rafiki, rafiki huazima kwenye chama, fedha zikalala akaunti ya kijana mpaka picha ya akaunti ichapishwe, kisha zikarudi kwa wenyewe. Kijana huyo hupanda ndege akiwa na kibali halali na mkoba mtupu, akitumaini kwamba kazi itampokea uwanjani. Haimpokei. Masurufu yale hayakuwekwa ili kuwataklifu maskini. Yamewekwa kwa sababu chumba kimoja cha mwanafunzi hutoza yuro 300 hata 500 kwa mwezi, na chakula, nauli na nguo za baridi hutaka sehemu yake, nacho kibali kimetolewa kwa sharti kwamba mtu atajikimu mwenyewe bila ya kuitegemea serikali. Ambaye hana fedha hizo mwaka huu, na aende mwaka ujao.

Na wazazi nao nina neno nao. Si haki kumsindikiza mtoto uwanjani Agosti kwa vigelegele, kisha Oktoba kumtumia orodha ya karo za wadogo zake, mabati ya nyumba ya shangazi na mchango wa harusi. Yuro moja ikibadilishwa kwa shilingi huonekana kubwa. Lakini huko inakotoka hainunui hata kikombe cha kahawa mkahawani.

Basi amefika. Aghalabu wageni hufika mwisho wa Agosti, ambapo hewa ni ya upole na jua bado linakawia kuzama, hata mtu hudhani alidanganywa habari za baridi. Nasaha yangu ya kwanza ni kuwa afike siku ya kazi, asubuhi, wala si Jumamosi usiku, kwa sababu ofisi za mashirika ya nyumba za wanafunzi, kama HOAS ya Helsinki, TOAS ya Tampere, TYS ya Turku na PSOAS ya Oulu, hufungwa mwisho wa juma, na ufunguo ulioko ndani ya ofisi iliyofungwa haumfai mtu aliye nje na mabegi mawili. Nyumba hizo huombwa mara tu mtu anapokubali nafasi ya chuo, kwa sababu zina foleni. Na ajiandae kwa hili: chumba anachokabidhiwa huweza kuwa kitupu kabisa, kina kuta nyeupe, dirisha la vioo viwili au vitatu, kabati, bomba la joto chini ya dirisha, na sakafu. Hakuna kitanda, hakuna godoro, hakuna pazia. Wenyeji hawaoni ajabu, maana kila ahamaye huchukua vyake. Mgeni hulala usiku wa kwanza juu ya koti lake. Dawa yake ni maduka ya vitu vilivyotumika, ambayo yamejaa kila mji na hayana aibu yoyote, hata mhadhiri hununua huko, na makundi ya wanafunzi wanaohitimu, ambao hutoa meza na vitanda bure ili wasigharamie kuvitupa.

Baada ya kitanda ni nambari. Maisha ya Ufini hufunguliwa kwa nambari ya utambulisho, henkilötunnus, ambayo kila ofisi, zahanati na mwajiri huiuliza kabla ya jina. Wengi huipata pamoja na kibali, na asiyeipata huiomba kwenye idara ya takwimu za wakazi. Kwa nambari hiyo hufunguliwa akaunti ya benki, na kwa akaunti hupatikana siri za kuingilia benki ya mtandaoni, ambazo kazi yake inapita fedha: kwa siri hizo ndipo mtu anapojithibitisha kwa Kela, kwa mamlaka ya kodi, kwa daktari, kwa posta, na hata kwa kampuni ya simu. Asiye na siri za benki ni kama ghaibu. Yupo, wala hayupo. Miadi ya benki huweza kuchukua majuma, kwa hiyo mwenye akili huiomba katika juma lake la kwanza, hubeba hati yake ya kusafiria, kibali, cheti cha kuandikishwa chuoni na mkataba wa nyumba, tena huja na fedha za kutosha za miezi miwili katika kadi inayofanya kazi nje ya nchi yake, maana pesa za simu za kwetu hazimfikishi mbali.

Nikija kwenye masomo yenyewe, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na krediti 60 zimekadiriwa kuwa saa 1,600 za kazi ya mwanafunzi. Katika saa hizo, zitumikazo darasani ni chache mno. Hapo ndipo wengi wa wanafunzi wetu, na hasa wale waliokuwa hodari sana nyumbani, wanapoteleza; kwa kuwa huona ratiba ina mihadhara michache kwa juma, mhadhara wenyewe mara nyingi hauna daftari la mahudhurio, mwalimu haulizi nani hayupo, na mtihani ukikushinda waweza kuurudia bila ya mtu kukutangaza. Uhuru huo ni mtamu kama asali mpaka Desemba. Alama hutolewa kutoka 0 hadi 5, na hakuna mwalimu atakayekuja kumwuliza mwenye 0 kulikoni. Anayetaka msaada atapewa msaada kwa ukarimu ambao sijauona mahali pengi, bali aombe: amwandikie mwalimu barua pepe fupi, aseme haja yake katika mistari mitatu, apewe saa, naye aende saa ile ile.

Mwalimu huyo, awe profesa mwenye vitabu kumi, huitwa kwa jina lake la kwanza. Kwa kijana wa kwetu, aliyefunzwa kuamkia na kuinamisha kichwa, jambo hili hukaa mdomoni kama mwiba, na wengine hukaa muhula mzima wakikwepa kumwita mwalimu jina lolote. Asilazimishe ulimi, lakini asidhani kuwa kule kuita "Pekka" ni ruhusa ya utovu wa adabu, maana adabu yao ipo mahali pengine: ipo katika saa, katika kutomkatiza mtu anaposema, na katika uaminifu wa kazi ya maandishi. Kunakili maneno ya mwingine bila ya kumtaja ni kosa linaloweza kumsimamisha mtu masomo, na kazi zote hupitishwa katika programu inayolinganisha maneno. Kuhusu saa, ipo kaida moja ya kuchekesha kwa watu wanaosifika kwa kutunza saa: katika vyuo vikuu vingi mhadhara ulioandikwa saa nne huanza saa nne na robo, na robo hiyo ni ya kaida ya kale ya vyuo. Mgeni asiitumie robo hiyo kwa daktari.

Tena, kila mwaka wa masomo mwanafunzi hujiandikisha upya kuwa yuko masomoni. Asipojiandikisha kwa tarehe iliyowekwa hupoteza haki ya kusoma mpaka aombe kurejeshewa, hata kama amekaa mstari wa mbele. Nimekwisha sema kuwa nchi haiiti.

Sasa baridi, ambayo ndiyo watu huiuliza kwanza, nami nimeiweka nyuma kwa makusudi kwa sababu si adui mkubwa kama inavyosemwa. Nyumba zote, madarasa yote na mabasi yote yana joto. Mtu huteseka kwa baridi zaidi katika usiku wa Julai huko Njombe au Limuru, ndani ya nyumba, kuliko Januari mjini Oulu ndani ya nyumba. Nje ni jambo la mavazi. Fulana ya sufu mwilini, sweta juu yake, na koti lisilopitisha upepo juu ya vyote. Soksi za sufu ndani ya viatu vilivyo vipana kidogo, kwa kuwa kiatu kinachobana hugandisha vidole. Kofia ya kufunika masikio, na glovu zisizo na mianya. Koti la mtumba la soko la Gikomba au la Karume litamfikisha mtu kutoka uwanja wa ndege hadi chumbani, na tena litamvusha Septemba, lakini koti la Januari na linunuliwe huko huko, dukani kwa vitu vilivyotumika, mwezi wa Oktoba, kabla halijapanda bei. Na anunue pia kile kijibamba kidogo chenye kung'aa kinachoningʼinia kwenye koti, heijastin, ambacho dereva hukiona mbali taa za gari zikikipiga. Sheria ya barabarani humtaka mtembea kwa miguu awe nacho gizani, na giza ni jingi.

Giza ndilo adui. Mjini Helsinki, ambako ni kusini kabisa, siku fupi ya Desemba jua huchomoza yapata saa tatu na nusu asubuhi na kuzama yapata saa tisa na robo alasiri. Oulu ni pungufu sana ya hapo. Na Utsjoki, kaskazini kabisa, jua halitokezi kabisa tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Kwa sisi ambao saa yetu yenyewe huhesabiwa kwa mapambazuko na machweo, mwaka mzima bila ya tofauti kubwa, hili huvuruga mwili kuliko theluji. Mwislamu huona sala ya adhuhuri, ya alasiri na ya magharibi zimekaribiana hata hamalizi somo moja kabla ya kutaka udhu tena. Na Ramadhani inapoangukia kiangazi, kama ilivyoangukia mwaka 2015 na 2016, mchana wake hupita saa 19, na watu wa kaskazini ambako jua halizami hulazimika kufuata saa za Makka au za mji ulio karibu, kwa mujibu wa fatwa wanayoitegemea. Novemba, kabla theluji haijatua na kuiangaza ardhi, ndio mwezi mzito zaidi. Usingizi huzidi, hamu ya chakula hubadilika, na moyo huwa mnyonge bila sababu. Wafini wenyewe huona hivyo, wala hawaoni haya kusema. Hunywa vidonge vya vitamini D, hutoka nje saa sita mchana hata kama ni kwa dakika 20, na huendelea na mazoezi. Ukiona unyonge umepita majuma mawili, wende kwenye YTHS, huduma ya afya ya wanafunzi, ile ile uliyoilipia ada isiyo na ankara. Huko wapo wauguzi na wanasaikolojia, na kwenda kwao si alama ya wazimu.

Katika watu, taraji utulivu. Jirani atakupita ngazini bila salamu ndefu, na katika basi kila mtu atachukua kiti chake pweke. Wala hawakuchukii. Usidhani pia kuwa unakwenda kwa watu wasiokijua kwenu: Ufini ilikuwa pamoja na Uswidi, Norway na Denmark katika kujenga kituo cha elimu cha Kibaha miaka ya 1960, Martti Ahtisaari, aliyekuja kuwa rais wao na kutunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2008, alikuwa balozi Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Profesa Arvi Hurskainen alikusanya hazina kubwa ya maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya kompyuta, jambo ambalo sisi wenye lugha tulikuwa hatujalifanya. Lakini urafiki nao hauanzi kwa mazungumzo, huanzia kwa kufanya jambo pamoja. Kila kitivo kina chama cha wanafunzi wake, na kila mgeni hupewa mwanafunzi wa kumwongoza. Chama hicho kina michezo, safari, jioni za kahawa, na suti zao za mekanika za rangi zilizobandikwa nembo kila mahali, ambazo mtu mzima wa kwetu angedhani ni sare za gereji. Jiunge nacho juma la kwanza, kabla aibu haijaota mizizi.

Utaalikwa sauna. Wanaume huingia peke yao na wanawake peke yao, isipokuwa wakiwa jamaa moja, na wenyewe huingia uchi. Aliyelelewa kwa sitara ana haki ya kuingia na taulo kiunoni, au nguo ya kuogelea, au kusema hapana, na hakuna atakayemwuliza zaidi. Pombe nayo ni vivyo hivyo: ukisema hunywi, mara moja yatosha.

Chakula kisikusumbue. Mchana, katika mikahawa ya wanafunzi, kwa kadi ya uanafunzi, mtu hulipa karibu yuro 3 akapata chakula cha moto, kachumbari kiasi atakacho, mkate wa rai na siagi, na bilauri ya maziwa, kwa kuwa serikali hulipa sehemu iliyobaki. Mwenye busara hufanya hicho ndicho chakula chake kikuu cha siku. Unga wa sembe, mihogo, nazi, maharage na nyama halali hupatikana katika maduka ya wageni, na kwa Helsinki maduka hayo yamejaa mtaa wa Hakaniemi. Misikiti ipo, na Uislamu si mgeni sana huko, maana Watatari walio Ufini tangu karne ya kumi na tisa walisajili jumuiya yao mwaka 1925. Na makanisa mengi ya mijini yana ibada ya Kiingereza.

Limebaki la kazi. Sheria humruhusu mwanafunzi kufanya kazi kwa wastani wa saa 30 kwa juma, na mazoezi yaliyo sehemu ya masomo hayahesabiwi humo. Ruhusa ni jambo moja, na kupata ni jingine, hasa katika miaka hii ambapo ukosefu wa kazi umepanda huko. Asiyejua Kifini hupata kusafisha maofisi alfajiri, kugawa magazeti usiku, kuosha vyombo, au kupeleka chakula kwa baiskeli. Ni kazi za heshima, lakini kijana asomaye uhandisi akigawa magazeti tangu saa nane usiku hadi saa kumi na mbili, atasinzia katika mhadhara aliouzia shamba la baba yake. Kabla ya mshahara wa kwanza na aombe kadi ya kodi kwa mamlaka ya kodi, kwa kuwa mwajiri asiyepewa kadi hiyo hukata asilimia 60 ya ujira, wala hana hiari.

Lugha ndiyo itakayoamua. Mtu aweza kumaliza uzamili mzima kwa Kiingereza, akacheka na kila muuza duka kwa Kiingereza, akadhani ameepukana na Kifini. Kisha siku ya kutafuta kazi ya shahada yake akakuta tangazo la kwanza linataka Kifini, la pili linataka Kifini, na la tatu pia. Kwa mwuguzi hilo halina majadiliano. Vyuo hufundisha lugha hiyo bila ya malipo ya ziada na hutoa krediti kwa ajili yake, na Mswahili ana fadhila moja juu ya Mwingereza, kwamba Kifini husomwa kama kilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Aanze muhula wa kwanza, si wa mwisho. Akisha kuhitimu, sheria humpa kibali cha miaka 2 cha kutafuta kazi au kuanzisha biashara, ambacho aweza kukiomba hata ndani ya miaka 5 baada ya kile cha masomo kwisha. Na miaka hiyo 2 hupita upesi kwa anayeanza alifabeti ndani yake.

Na kazi za kiangazi, ambazo ndizo mlango wa wanafunzi wengi kuingia katika makampuni ya fani zao, hutangazwa kuanzia Januari, theluji ikiwa bado iko magotini na Juni haimo akilini mwa mtu yeyote wa kwetu. Kufikia Machi nyingi zimekwisha jaa. Kwa hiyo likizo ya Krismasi isiwe ya kulala tu: wasifu uandikwe ukurasa mmoja, barua iandikwe kwa Kifini hata kama ni kwa msaada wa rafiki, na baada ya juma moja simu ipigwe kwa mtu ambaye jina lake limeandikwa chini ya tangazo, kwa saa zilizotajwa pale. Wao humweka mtu huyo ili apigiwe, na huwashangaza kwamba wageni hawampigii.